Droni kwenye maonyesho ya ndege: maswali tunayoulizwa Dodoma

Kila mwaka maonyesho ya wakulima ya Nane Nane yakiisha na mabanda ya Nzuguni yakishafungwa, simu yangu haipoi. Aliyeona droni ya kunyunyizia dawa anauliza bei. Aliyeona video ya maonyesho ya Paris anauliza kama yale madude makubwa yatafika huku. Mzazi anauliza kama mwanawe akasomee. Kazi yangu ni droni, hapahapa Dodoma: napima mashamba, napiga picha za viwanja, na msimu wa mvua nanyunyizia dawa. Siuzi droni, kwa hiyo sina cha kukupamba. Nimeyapa maswali namba ili nisirudie jibu moja mara tatu.

## Mambo ya mwanzo

1. Droni, ndege nyuki, ndege isiyo na rubani: ni kitu kimoja?

Kimoja. Kwenye hotuba za viongozi utasikia "ndege nyuki", na mvumo wake kweli ni wa nyuki. Mtaani ni droni. Shida ni kwamba jina hilo moja limebeba vitu visivyolingana hata kidogo. Kuna Mavic Mini ya DJI, kampuni ya China, iliyotoka mwaka 2019 ikiwa na gramu 249, inayoingia kwenye mfuko wa koti. Kuna pia Milkor 380 ya Afrika Kusini, ambayo mabawa yake ni mita 18.6 kutoka ncha hadi ncha. Mtu akikwambia "droni zimejaa kwenye maonyesho", muulize kwanza zipi.

Zile gramu 249 hazikutokea kwa bahati. Nchi kadhaa zinaanza kudai usajili kwenye gramu 250, na mtengenezaji akakaa gramu moja chini ya mstari. Hapa kwetu usiutegemee ujanja huo. Soma swali la 13.

2. Maonyesho ya ndege ni kama Nane Nane?

Mabanda, vipeperushi, kofia za bure na foleni ya chakula vyote vipo. Tofauti ni nani anayenunua. Nzuguni mkulima anaweza kuondoka na pampu ya mgongoni. Le Bourget, nje kidogo ya Paris, shirika la ndege linasaini oda ya ndege mia moja kabla ya chakula cha mchana. Siku za mwanzo ni za wafanyabiashara na wageni wa serikali, halafu wananchi wanafunguliwa mwishoni mwa wiki.

Ya Paris ndiyo ya zamani zaidi, yalianza mwaka 1909, na sasa hufanyika miaka inayoishia na namba witiri. Farnborough ya Uingereza inashika miaka shufwa. Dubai ni Novemba, miaka ileile ya Paris. Ya Oshkosh, Marekani, hufanyika kila Julai na ni ya wapenzi wa ndege zaidi kuliko wauzaji. Afrika tuna ya kwetu, swali la 8.

3. Droni zilianza lini kujaa huko, na kwa nini?

Hazikuingia siku moja. Mwaka 2005 pale Le Bourget watu walisimama kushangaa nEUROn, droni ya kivita ya Ulaya, na kile walichokishangaa kilikuwa sanamu ya ukubwa halisi. Ndege yenyewe iliruka Desemba 2012. Miaka hiyo droni ilikuwa kitu cha pembeni, unakipitia ukielekea kwenye ndege "za kweli".

Kilichobadilisha mambo kilitoka kwenye simu za mkononi. Vifaa vidogo vya kuhisi mwendo na mwinamo, GPS na betri za lithiamu vilishuka bei kwa sababu viwanda vilivitengeneza kwa mamilioni ili viingie kwenye simu. DJI ilipotoa droni yake ya Phantom mwaka 2013, mtu asiyewahi kushika rimoti ya ndege aliweza kuirusha siku hiyohiyo.

Halafu zikaja vita. Nagorno-Karabakh (Azabajani na Armenia) mwaka 2020 na Ukraine tangu 2022 ziliwaonyesha majenerali kwamba chombo cha bei ya pikipiki kinaweza kuteketeza kifaru. Bajeti zikahama, mabanda yakafuata. Berlin mwaka 2024 Airbus ilionyesha droni ya kusindikiza ndege ya kivita, ikaiita Wingman. Novemba ya mwaka uleule, Zhuhai nchini China, walileta Jiutian, droni kubwa ya kubeba na kuachia droni ndogo ikiwa angani.

4. Kwa hiyo nyingi ni za vita?

Kwenye maonyesho makubwa, ndiyo, na sioni sababu ya kulizungusha jibu. Ukitembea kwenye kumbi zile utakutana na kamera za kulenga, mabomu yaliyoning'inizwa chini ya mabawa, na siku hizi mabanda mengi ya kupambana na droni: mitambo ya kukata mawasiliano, bunduki za wavu, rada ndogo. Anayeuza ugonjwa na anayeuza dawa wako ukumbi mmoja.

Siasa nayo inaingia mpaka kwenye mbao za banda. Juni 2025 pale Paris, waandaaji waliyazungushia kuta nyeusi baadhi ya mabanda ya kampuni za Israeli, kwa kuwa zilikataa kuondoa silaha za kushambulia.

Za kiraia, yaani za kupima ardhi, kunyunyizia na kubeba mizigo, zina kona yake. Kona hiyo ni ndogo, lakini kwa mtu wa Dodoma ndiyo yenye cha kununua.

## Ukiwa uwanjani

5. Mbona droni nyingi zimewekwa mezani tu, haziruki?

Kuna sababu ya kweli na sababu ya kibiashara.

Ya kweli ni mawimbi. Uwanja wenye maelfu ya simu na mitandao ya Wi-Fi una kelele nyingi kwenye masafa yaleyale ambayo rimoti inatumia. Juu ya vichwa vya watu huruhusiwi kurusha. Na kwenye maonyesho ya ndege anga lina wenyewe: kuna marubani wanaopindua ndege za kivita kwa ratiba ya dakika. Kwa hiyo droni ikirushwa, inarushwa ndani ya kizimba cha wavu.

Ya kibiashara ni kwamba kitu kilichosimama hakikosei. Nzuguni nimeona droni ya kunyunyizia imepanguswa inang'aa, mikono imekunjwa, tangi halijawahi kuingia tone la dawa, na kijana wa banda ana kitambaa cha kufuta vumbi kila baada ya dakika tano. Nikamwomba awashe pampu tu, bila kuruka. Betri haikuwepo. "Iko hotelini, kaka."

6. Naruhusiwa kwenda na droni yangu nipige picha za maonyesho?

Hapana. Usijaribu Oshkosh, usijaribu Paris, na Nzuguni usijaribu bila kibali na bila waandaaji kujua. Desemba 2018 watu waliripoti kuona droni karibu na uwanja wa Gatwick, London. Safari za ndege takriban 1,000 zikavurugika, abiria kama 140,000 wakakwama siku chache kabla ya Krismasi. Tangu hapo walinzi wa viwanja hawana utani na mtu mwenye rimoti mkononi.

7. Nikisafiri nje na droni, betri zinapita?

Zinapita, ila zikae kwenye begi la mkononi. Betri za akiba za lithiamu haziwekwi kwenye mzigo wa chini ya ndege, maana zikishika moto kule hakuna wa kuzizima. Kipimo ni wati-saa: zidisha volti kwa ampia-saa. Chini ya 100 huna tatizo. Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika la ndege. Zaidi ya 160 kwenye ndege ya abiria haipandi.

Mfano: betri ya droni ndogo ya volti 7.2 na ampia-saa 2.4 ni wati-saa 17, unatembea nayo tu. Betri ya droni ya kunyunyizia, volti 52 kwa ampia-saa 30, inapita 1,500. Hiyo inasafiri kama shehena ya hatari, kwa karatasi zake na gharama zake. Funika ncha kwa selotepu, kila betri kwenye mfuko wake.

8. Na Afrika? Au mpaka twende Ulaya?

Kuna Africa Aerospace and Defence, pale kambi ya jeshi la anga ya Waterkloof karibu na Pretoria, Septemba ya miaka shufwa. Ile Milkor 380 ya swali la 1 ndiyo inajivunia nyumbani pale. Kigali iliandaa African Drone Forum Februari 2020, iliyokuwa ya kiraia zaidi, na mashindano yakafanyika Ziwa Kivu.

Kabla ya Kigali kulikuwa na Mwanza, jambo ambalo Watanzania wengi wanalisahau. Mwaka 2018 DHL, shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ na kampuni ya Kijerumani Wingcopter walifanya majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa Ukerewe. Droni ilimaliza kilomita 60 juu ya ziwa kwa wastani wa dakika 40, wakati njia ya barabara ni kilomita 240 na saa sita. Mwaka huohuo Mwanza ikapokea Lake Victoria Challenge, waruka droni kutoka nchi mbalimbali wakakutana kando ya ziwa. Na Zanzibar, tangu 2016, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishapiga picha visiwa kwa droni za eBee kutengeneza ramani. Ukitaka mwalimu si lazima ukae kwenye ndege saa kumi nzima.

9. Zile taksi za angani za kwenye video zinakuja lini?

Usisubiri. Volocopter ya Ujerumani iliruka mbele za watu pale Paris mwaka 2023, ikazungumzwa kwamba itabeba abiria wakati wa Olimpiki ya 2024. Olimpiki ikapita bila abiria, na Desemba ya mwaka huo kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. Lilium, nayo ya Ujerumani, ilitangulia miezi miwili kabla.

## Sisi wa Dodoma

10. Kipeperushi kimesema hekta 20 kwa saa. Ni kweli?

Hili ndilo swali naloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Namba ya kipeperushi inapatikana shamba likiwa tambarare, refu, halina mti, maji yako pembeni, na wafanyakazi watatu wamezoea. Sasa tupige hesabu ya huku. Tangi la lita 40, dozi ya lita 20 kwa hekta: tangi moja linamaliza hekta 2, karibu eka 5. Shamba la alizeti la eka 40 ni matangi 8, yaani lita 320 za maji safi. Safi, maana maji ya lambo yanaziba nozeli. Kwenye kijiji ambacho maji yanakuja kwa punda, hesabu ya kwanza ni ya madumu, droni inafuata.

Halafu hewa yetu. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba wenye nyuzi 32, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari ambacho wahandisi hukitumia. Propela zinakula hewa nyepesi, lazima zizunguke kwa kasi zaidi, betri inaisha mapema na inapata moto.

Halafu upepo. Droni nyingi za kunyunyizia zimewekewa kikomo cha mita 6 kwa sekunde, na hata kabla ya kikomo hicho dawa inapeperukia kwa jirani. Wewe mwenyewe unaujua upepo wa Dodoma wa saa nne asubuhi. Kwa hiyo siku ya kazi ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu au tatu na nusu, basi, urudi jioni.

Mwaka wangu wa kwanza sikupiga hesabu hizi. Muuzaji mmoja aliniambia betri mbili zinatosha eka 40 kwa asubuhi moja, nikaenda Kongwa kifua mbele. Tangi la nne lilipoisha, chaja ikawaka taa nyekundu na kukataa: betri zimevuka joto, mpaka zipoe. Tukazilaza kivulini chini ya mbuyu. Mama mwenye shamba, niliyemwahidi tutamaliza kabla ya chai, alitusogelea, akaigusa moja kwa mgongo wa mkono kama anayempima mtoto. "Mwanangu, hiki kidude kina homa?" Akavua kanga ya juu, akaanza kupepea. Tulimaliza siku ya pili, na nusu ya malipo nikaisamehe mwenyewe kwa aibu.

Siku hizi ukinikuta kibandani utanisikia nikiuliza manne: betri ngapi zinazunguka bila kusimama, jenereta inakula lita ngapi za petroli kwa siku, propela ikivunjika spea iko mji gani, na nani ataitengeneza pampu Januari mvua zikinyesha. Muuzaji mzuri anajibu papo hapo. Wengine wanakupa kofia.

11. Inafaa kwenye zabibu?

Kwa sehemu. Droni inanyunyizia kutoka juu kwa maji machache. Mzabibu uliotambaa vizuri kwenye waya una paa la majani, na ubwiri unga, yaani ukungu mweupe, unakaa chini ya paa hilo na ndani ya vichala. Wakulima wa Mpunguzi na Hombolo wanaopiga dawa kwa pampu ya mgongoni wanainama na kuelekeza bomba chini ya jani, kitu ambacho droni haiwezi. Mwanzo wa msimu, majani yakiwa machache, inasaidia. Baadaye usiuze pampu yako.

Kupiga picha shamba la zabibu ni habari nyingine. Kamera ikipita juu, mistari iliyokosa maji unaiona kwa macho kabla mwenye shamba hajaitembelea. Kazi hiyo naipendekeza bila kigugumizi.

12. Na kweleakwelea?

Kuwafukuza mchana, droni inafanya kazi siku chache, kisha ndege wanaizoea kama walivyoizoea sanamu ya shambani. Kijana wa kuamia mwenye teo bado hajapoteza ajira.

Kuwaua ni kazi ya jioni kwenye mazalia na malalo yao, kwa sumu, na ni ya mamlaka za serikali. Kwa desturi hufanywa kwa ndege zenye rubani. Faida ya droni ni kufika kwenye malalo madogo ambayo kuitia ndege kubwa mafuta ni hasara. Mtu binafsi asiguse. Dawa inayotumika, fenthioni, haichagui: mwewe aliyekula ndege aliyekufa naye anakufa, na mtoto anaweza kumwokota ndege huyo akampeleka jikoni.

13. Vibali napata wapi?

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Kuna kanuni za mwaka 2018 mahsusi kwa vyombo hivi, na Wizara ya Ulinzi nayo ina neno lake. Hifadhi za taifa zina ruhusa yake ya pekee. Anza kuulizia kabla hujanunua, si baada, na kabla hujaleta kutoka nje, maana forodha wanaweza kuizuia.

Watu wanadhani ni usumbufu wa juzi. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, kifungu chake cha 8 kinakataza ndege isiyo na rubani kupita juu ya nchi bila idhini maalumu. Babu zetu walikuwa hawajaiona hata redio ya betri.

Kwa Dodoma ongeza akili ya kawaida: Bunge, Ikulu ya Chamwino, kambi za jeshi, na uwanja wa ndege ambao uko katikati ya mji. Ukichora duara kuzunguka sehemu hizo, utagundua nafasi ya "kujaribu kidogo tu" mjini ni finyu sana. Nenda shambani.

14. Si walisema Dodoma itakuwa kituo cha droni za kupeleka damu?

Walisema. Agosti 2017 kampuni ya droni ya Zipline na serikali walitangaza vituo vinne, droni zaidi ya 100, vituo vya afya zaidi ya 1,000, na kituo cha kwanza kiwe Dodoma mwaka 2018. Mwaka huo ulipita bila kituo. Rwanda walishaanza Muhanga tangu 2016, Ghana wakaanza Aprili 2019. Bado naulizwa swali hili na wauguzi, na nawaelewa.

15. Uwanja wa ndege wa Msalato ukikamilika, tutapata maonyesho yetu ya ndege?

Njia ya kurukia ipo ya kutosha: mita 3,600 kwenye mradi wa Msalato, na hizo zinapokea ndege kubwa. Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 2022. Lakini maonyesho hayaletwi na lami. Yanaletwa na wanunuzi, hoteli na viwanda. Nionavyo mimi, Nzuguni itapata ukumbi mzuri wa droni za kilimo mapema zaidi, na itatufaa zaidi. Wenzangu hatukubaliani hapa, wao wanataka kuona ndege za kivita zikipita juu ya mnada wa Jumamosi.

## Maswali ya pembeni

16. Muuzaji amesema droni "inakuja na kibali chake". Nimwamini?

Muombe akuonyeshe, kisha soma jina lililoandikwa. Usajili wa chombo ni kitu kimoja, ruhusa ya mtu kukirusha ni kingine, na ruhusa ya kazi fulani mahali fulani ni cha tatu. Karatasi yenye jina la kampuni yake haikulindi wewe ukikamatwa Bahi.

17. Jirani anarusha droni juu ya uwanja wangu. Nifanyeje?

Usiipige jiwe. Ikianguka na betri imetoboka inaweza kuwaka, na wewe ndiye utakayelipa. Andika siku na saa, piga picha ukiweza, mfuate kwanza mwenyewe, mara nyingi ni kijana anajifunza. Akiendelea, kurusha bila ruhusa ni la TCAA na polisi. Picha za watu nyumbani kwao ni suala la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake iko hapahapa.

18. Mwanangu amemaliza kidato cha sita, anataka "kusomea droni". Nimruhusu?

Kurusha kunafundishika ndani ya wiki chache. Kinachomlipa mtu ni kile anachokijua mbali na kurusha: upimaji ardhi, kilimo, umeme, programu za kompyuta. Asome kimojawapo kwa cheti kamili, droni iwe kifaa chake kama tepu ilivyo ya fundi. Wanaonipigia kuomba kazi wakisema "najua kurusha" ni wengi. Aliyewahi kunipigia akisema anajua kufunga upya waya wa mota ni mmoja, na nilimchukua siku hiyohiyo.

19. Droni ilianguka kwenye maji ya dawa, nimeianika juani. Itapona?

Toa betri kwanza, kama hujatoa. Hiyo betri usiichaji tena, iweke nje mbali na nyumba kwenye ndoo ya mchanga. Mwili wa droni suuza kwa maji safi kabla haujakauka, maana chumvi ya dawa inatafuna saketi, ndipo uanike kivulini. Juani plastiki inapinda.